Pedi za kipa wa magongo ya barafuni kutoka Mlango Mmoja: tathmini ya mwalimu wa makipa

Katika soko la mitumba la Mlango Mmoja, hapa jijini Mwanza, vifaa vya michezo ambavyo wanunuzi wengi hawavitambui hurundikwa pamoja na mabegi na viatu vya kupandia milima, na humo ndimo nilimopata pedi mbili za miguu, bloka (glovu yenye ubao bapa wa kuzuilia) na glovu ya kudakia za kipa wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Muuzaji alitaka shilingi 80,000 kwa vyote vinne, tukapatana 55,000. Ninafundisha makipa wa mpira wa miguu wa timu za vyuo upande wa Malimbe na Butimba, na baada ya kuvitumia msimu mzima nasema bila kusita kwamba pedi na bloka ni vifaa bora vya mazoezi kuliko vyovyote nilivyokwisha kuviona vikiuzwa mjini kwa ajili ya makipa, ilhali glovu ya kudakia haitufai.

Kila pedi ina upana wa sentimita 28, ambao ndio upana wa juu unaoruhusiwa na kanuni za mchezo huo, na hufunika mguu kuanzia juu ya kiatu hadi kupita goti. Ndani yake mna sponji ngumu iliyopangwa tabaka kwa tabaka, na nje ni ngozi bandia nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mnene ambao haujaachia popote. Alama nyeusi zilizoachwa na kile kisahani cha mpira mgumu kinachotumika badala ya mpira zimesongamana upande wa ndani, usawa wa ugoko, na kipande kinachopokea goti kimelika zaidi katika pedi ya kushoto kuliko ya kulia. Mwalimu yeyote wa makipa akiviona hivyo ataelewa kwamba aliyezivaa alishuka magotini mara zisizohesabika, na kwamba goti la kushoto ndilo lililotangulia. Kwa nyuma imeandikwa namba 35 kwa wino mzito, na mfuko wake una nembo ya timu ya chuo kimoja cha jimbo la Minnesota, Marekani.

Lango la mchezo huo lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22 tu, dogo mno likilinganishwa na letu la mita 7.32 kwa 2.44, lakini kisahani hicho chenye uzito wa gramu 170 huweza kuja kwa kasi inayozidi kilomita 140 kwa saa, tena kikiwa kimegusa gongo au mguu wa mtu njiani. Kwa hiyo kipa wao hafundishwi kuzuia tu. Hufundishwa kuamua mahali ambapo kitu alichokizuia kitaangukia, na pedi zake zimeundwa kwa kazi hiyo. Uso wake ni bapa na mgumu, nao hurudisha kinachougonga kwa nguvu na kwa pembe inayotegemea namna mguu ulivyogeuzwa. Sifa hiyo ndiyo iliyonishawishi kuzinunua.

Matumizi yetu ni haya. Mwalimu huvaa pedi na bloka, akasimama hatua chache mbele ya kipa, huku mpigaji akiachia mashuti kutoka ukingoni mwa eneo la hatari. Mpira unapomfikia mwalimu, yeye huugusa kwa pedi au kwa ubao wa bloka ukabadili njia. Kipa aliyekuwa amekwisha kuegemea upande mmoja hulazimika kurudi, na asiyeweka miguu sawasawa hubaki akiutazama mpira ukiingia. Nilikuwa nikilifanya zoezi hili bila pedi na kuumia magoko, na mpira ulikufa miguuni mwangu badala ya kuruka. Kwa pedi, mpira hurudi mkali, na kwa kuwa viwanja vyetu vingi vina vichuguu vinavyoupotosha mpira dakika za mwisho, zoezi linafanana na mechi halisi. Kipa wetu wa pili, ambaye zamani alikuwa akitema kila mpira wa chini kuuelekeza katikati, sasa anaupangua kwenda pembeni.

Namtaja kipa wa pili kwa makusudi. Timu ya chuo kule Marekani kwa kawaida huwa na makipa watatu na anayecheza ni mmoja, na hali yetu katika mashindano ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu vya Tanzania, haina tofauti kubwa; maisha ya kipa wa chuo kwa sehemu kubwa ni mazoezi, hivyo ubora wa kifaa cha mazoezi humgusa zaidi kuliko ubora wa jezi. Wanafunzi walipotaka kujua watu waliovaa vitu hivi walifika wapi, niliwasimulia habari za Ken Dryden, aliyedaka katika Chuo Kikuu cha Cornell kuanzia 1966 hadi 1969 akashinda mechi 76, akapoteza 4 na kutoka sare 1, kisha akatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo Amerika Kaskazini, mara 6 akiwa na timu ya Montreal Canadiens, na bado akauacha mchezo msimu mzima wa 1973 hadi 1974 kwa ajili ya mafunzo yake ya uanasheria. Niliwasimulia pia kuhusu Dryden McKay, aliyepewa jina la kipa huyo, ambaye alimaliza masomo Minnesota State akiwa na mechi 34 bila kufungwa, rekodi ya vyuo, na mwaka 2022 akapata Tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, ambayo kabla yake makipa wawili tu walikuwa wameipata, Robb Stauber mwaka 1988 na Ryan Miller mwaka 2001, ingawa hakuna timu ya NHL iliyowahi kumteua katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi. Wazazi wa hapa wanaoamini kwamba kudaka kunaua masomo wangefaidika kuzisikia habari hizo.

Kasoro zipo. Pedi zinachemka jua likiwa kali, kwa hiyo tunazivaa jioni upepo wa ziwani unapoanza. Mikanda miwili ilikuwa imeoza, na fundi viatu aliibadilisha akaweka bizimu mpya kwa shilingi 6,000. Sponji ikilowa wakati wa masika huchukua muda mrefu kukauka na hutoa harufu, na hazifai kuachwa stoo ya sakafu ya saruji, zitundikwe. Glovu ya kudakia imetengenezwa kwa kisahani kidogo na mpira wa miguu hauingii, hivyo muuzaji akikubali kuigawa seti, iacheni. Mnunuzi azivae palepale sokoni, ahakikishe goti linatua juu ya kipande chake, na abonyeze sponji kwa kidole gumba katikati ya ugoko: ikibaki imebonyea, asizinunue.