Rafu ya "Mawe na Mirathi": Duka la Vitabu Vilivyotumika, Posta

Kwa msomaji wa riwaya za kihistoria anayeishi Dar es Salaam, duka dogo la vitabu vilivyotumika lililo katika uchochoro mmoja si mbali na Posta ya Zamani linastahili safari ya makusudi. Lina kitu ambacho sijakikuta katika duka jingine la jiji hili: rafu nzima ya riwaya zinazosimulia Uingereza ya kipindi cha Regency, yaani mwaka 1811 hadi 1820, mwana wa Mfalme George III alipotawala kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa, na zote zimechaguliwa kwa sababu ndani yake mna watu wanaookota mawe na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na mna familia inayohesabu fedha. Mwenye duka, mama wa makamo aliyewahi kufundisha jiografia sekondari, ameiandikia rafu hiyo kwa wino mzito: "Mawe na Mirathi." Vitabu vinauzwa, na pia vinaazimwa kwa wiki mbili kwa kuweka amana, ambayo hurudishwa baada ya kukatwa ada ndogo.

Ndani ya kila kitabu cha rafu hiyo mama huyo ameweka kipande cha karatasi ya manila alichokiandika mwenyewe. Upande mmoja unaeleza kwamba pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12, na gini moja shilingi 21. Upande wa pili una mfano wa hesabu: mtaji wa pauni 1,000 uliowekwa kwa riba ya asilimia 5 huleta pauni 50 kwa mwaka. Ni karatasi ndogo, lakini imenifaa kuliko dibaji nyingi nilizosoma, kwa kuwa katika riwaya hizi mtu wa tabaka la juu hapimwi kwa mshahara bali kwa mapato ya mwaka yanayotokana na ardhi au hati fungani za serikali, na msomaji asiyeweza kuugeuza mtaji kuwa mapato hawezi kujua kama mjane anayehamia nyumba ndogo pamoja na binti zake ameanguka kidogo au amefilisika kabisa. Anapaswa kujua pia kwamba mara nyingi shamba na nyumba kubwa vilifungwa kisheria vimfuate mrithi wa kiume, hata kama ni binamu wa mbali, na kwamba fungu la binti lilikwenda naye kwa mumewe, kinyume kabisa cha mahari yetu.

Hapo ndipo mawe yanapoingia. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimuuliza, "Shikamoo mama. Hizi riwaya zina hesabu kweli, au zina harusi tu?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Zina vyote viwili, lakini wewe tazama nani anapokea pesa ya jiwe." Tangu hapo nimezisoma kwa kipimo hicho, na sijaona kingine kinachotenganisha riwaya nzuri na dhaifu kwa haraka zaidi. Riwaya dhaifu humfanya msichana aokote mfupa wa ajabu katika sura ya ishirini, bwana tajiri akaununua, madeni ya baba yakalipwa, na ndoa ikafuata. Riwaya nzuri huuliza ardhi ile ni ya nani, nani aliwalipa vibarua waliochimba, na kama mwokotaji ni mke wa mtu, fedha zinaingia mfuko gani. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali zinazohamishika za mke zilikuwa za mumewe, na mambo hayakubadilika ipasavyo hadi sheria za mwaka 1870 na 1882. Kwa hiyo kisukuku alichokichimba mwanamke aliyeolewa, kikiwa bado mkononi mwake, kilikwisha kuwa cha mtu mwingine.

Waandishi wengi wa riwaya za rafu hii wanakopa, kwa kusema wazi au kwa kificho, kutoka maisha ya Mary Anning, mwokotaji maarufu wa visukuku wa Lyme Regis, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1799, na ni haki kuwapima kwa maisha hayo. Baba yake alikuwa seremala aliyeuzia wageni visukuku ili kuongeza kipato. Mwaka 1804 mwandishi wa riwaya Jane Austen, akiwa amepanga katika mji huohuo, aliandika katika barua kwamba baba huyo aliitwa kukadiria kifuniko cha sanduku kilichovunjika na akataja shilingi tano, bei ambayo mwandishi huyo aliiona imezidi thamani ya samani zote za chumbani. Seremala huyo alifariki mwaka 1810 akiiacha familia na madeni. Mwaka uliofuata kaka yake Mary aliona gengeni fuvu la iktiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale, na Mary akapata sehemu kubwa ya kiwiliwili mwaka 1812. Mwenye ardhi wa eneo hilo akakinunua kwa takriban pauni 23. Mwaka 1819 kisukuku hichohicho kiliuzwa mnadani London kwa pauni 45 na shilingi 5, na familia ya Anning haikuhusika na nyongeza hiyo. Mwaka 1820 walikuwa wakiuza samani ili walipe kodi ya nyumba, mpaka mkusanyaji mmoja, Thomas Birch, alipopiga mnada mkusanyo wake kwa ajili yao na kupata takriban pauni 400. Mwandishi anayeujua mfululizo huu hawezi kuandika kwamba jiwe moja limeiokoa nyumba, na ninasikitika kila ninapokuta riwaya iliyoandikwa kwa lugha nzuri ikikimbilia mwisho huo.

Kaunta ina nakala ya plasta ya amonaiti, kisukuku cha kiumbe wa baharini mwenye gamba la mviringo, kubwa kama kiganja, yenye mbavu zinazozunguka kuelekea kitovu, na wateja wanaruhusiwa kuishika. Ukiishika unaelewa kwa nini msafiri wa kawaida alitoa peni kadhaa kuinunua kama kumbukumbu ya safari, na kwa nini familia ya pwani ilitegemea zaidi vipande vidogo vya namna hii, vinavyofichuliwa na dhoruba za kipupwe, kuliko mifupa mikubwa inayopatikana kwa nadra.

Kasoro zipo, na ningependa zirekebishwe kwa kuwa duka hili ni la thamani. Unyevunyevu wa jiji umeharibu vitabu vya rafu ya chini, na riwaya moja niliyoiazima ilikuwa imepoteza kurasa za mwisho, jambo ambalo hakuna aliyelitaja nilipoweka amana. Mwanga ni hafifu. Pia ninaona upungufu kwamba katika nchi yenye Tendaguru, kilima cha Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 kwa kazi ya mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, duka halina hata kitabu kimoja kuhusu kilima hicho kando ya riwaya hizi, ilhali swali la nani alipokea nini linahusu Lindi kama linavyohusu Lyme Regis. Nilimweleza mama huyo, naye akaandika ombi langu katika daftari lake.

Anayetaka kwenda aende asubuhi, kwa kuwa mchana joto la ndani ni kali na Jumamosi duka hufungwa mapema. Malipo kwa simu yanapokelewa. Kabla ya kuweka amana, fungua kitabu mwishoni uhesabu kurasa, kisha hakikisha karatasi ya manila imo.