Fundi fremu wa Majengo na wazee wangu wa nyaraka

Nimefanya kazi masjala miaka 31. Kwa hiyo binti yangu aliponiletea nakala ya picha ya rangi za maji ya karne ya 19, wazee watatu wameinamia meza wakichunguza hati za kale, nilijua itakaa sebuleni. Mmoja ameinua karatasi kuelekea dirishani. Mwingine ameshika lakiri, ule muhuri wa nta, nyekundu inayoning'inia kwenye utepe, anaipapasa kwa kidole gumba.

Niliipeleka kwa fundi fremu karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Shilingi 45,000: fremu ya mninga, kioo na hadibodi nyuma.

Niliporudi nilikuta ameshaibandika kwa selotepu. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo itoe. Nimeona majalada ambayo selotepu imekauka ikadondoka, karatasi ikabaki na doa la kahawia lisilotoka." Hakubisha. Aliibandua taratibu, akauliza, "Sasa mama, tutumie nini?" Nikamwelekeza apike gundi ya unga wa ngano, ashikize kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu tu, ili picha ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Ukanda wa kadi nene kuzunguka picha, isigusane na kioo, aliuweka kwa akili yake. Hapo ndipo nilipomwamini.

Na mninga ulikuwa chaguo sahihi. Wachoraji wengi wa rangi za maji wa enzi zile hawakupaka rangi nyeupe, waliacha karatasi yenyewe ionekane. Hati za wazee hawa ni karatasi tupu iliyozungukwa na kivuli! Fremu nyeusi ya plastiki aliyonionyesha kwanza ingezifubaza. Ndani ya kahawia ya mninga zinang'aa.

Aliahidi Jumatano, nikaipata Jumamosi. Kingo za nyuma pia hakuziba, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Nilipoirudisha alizifunika kwa karatasi ya kaki, hakudai hata shilingi.

Ukipeleka yako, usije ukaitundika jua linapopiga. Waingereza walitoa ripoti mwaka 1888 kuhusu mwanga unavyopausha rangi za maji, na wino wa mashine uliochapa nakala kama yangu nao haupendi jua. Yangu iko ukuta wa ndani, mkabala na kiti changu.

Wiki ijayo nampelekea cheti cha ndoa cha marehemu mama yangu.