Mafunzo ya makipa hapa Malindi: tathmini baada ya wiki sita

Kwa wiki sita nimekuwa nikiwapeleka makipa wawili wa timu ya chuo chetu kwenye mafunzo yanayotolewa hapa Malindi na mlinda lango mstaafu aliyecheza kandanda ya kulipwa kwa miaka mingi. Kwa kuwa wasimamizi wenzangu wa timu za vyuo wameniuliza kama ada yake inastahili kulipwa, nimeona niyaandike niliyoyashuhudia mwenyewe. Inastahili, ila kwa sharti moja nitakalolieleza.

Siku ya kwanza hakuna aliyeruka. Vijana walikuja wakitarajia kugaragara kulia na kushoto, lakini Kocha alitoa kamba mbili za mashua, akafunga kila moja kwenye mlingoti wake wa goli, kisha akazikutanisha ncha zake kwenye mpira uliowekwa ukingoni mwa eneo la hatari. Kijana wetu alipoambiwa asimame juu ya mstari, aliona kwa macho yake jinsi mita 7.32 zilivyo nyingi kwa mtu mmoja. "Njoo mbele, mwanangu, polepole," Kocha akamwambia, na kwa kila hatua kamba zikazidi kumkaribia, mpaka akafika mahali ambapo hatua moja na mkono ulionyooshwa vilitosha kumfikisha kwenye kamba ya upande wowote. Hapo mpira ukasogezwa kushoto, yeye akabaki palepale, na kamba ya mlingoti wa karibu ikamtoka kabisa. Alijirekebisha bila kuambiwa. Nimewahi kuwasikia makocha wengi wakipiga kelele za "funga nafasi" bila kijana kuelewa ni nafasi ipi inayofungwa. Kwa kamba zile mbili, somo lilieleweka kabla ya adhana ya alasiri.

Sisi wa Pwani tuliokulia kwenye sifa za Mahmoud Abbas, yule kipa wa AFC Leopards na Harambee Stars aliyeitwa Kenya One, tumezoea kumpima mdakaji kwa penalti alizopangua. Kocha huyu huzigusa penalti mwishoni tu. Husema kwamba shuti la kilomita 100 kwa saa huvuka zile mita 11 kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, kwa hiyo anayengoja kuona mpira unakoelekea huwa amechelewa. Afadhali autazame mguu usiopiga na nyonga za mpigaji, huku akihakikisha kuwa sehemu ya mguu wake mmoja iko kwenye mstari mpira unapopigwa.

Kuanguka hufundishwa mchangani, maji yanapokuwa yamekupwa. Mlolongo wake ni mguu, paja, ubavu, bega, na kamwe si kiwiko wala tumbo. Kijana wetu wa pili alikuwa akiogopa kuruka upande wa kushoto tangu alipoumia bega kwenye uwanja mgumu kama saruji, na nilimwona akianza kwa kupiga magoti, kisha kuchuchumaa, kisha kusimama, hadi wiki ya nne aliporuka bila kulitazama lile bega. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kulipia ada yote. Mipira ya juu nayo hupigwa jioni kwa makusudi, wakati upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na krosi hubadilisha njia hewani, kipa hufundishwa kuchelewesha hatua yake ya kwanza, kisha kutoka kwa kasi na kuita "Yangu!" kwa sauti inayowafikia mabeki wote. Atakayetoka bila kuita hurudia, hata akiudaka.

Kasoro zipo. Kocha alianza kudaka zama ambazo kipa aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu, kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 1992, na hilo linaonekana: mafunzo ya miguu ni dakika chache za mwisho, wakati vijana wameshachoka. Kipa wa leo hupokea pasi mara nyingi kuliko anavyopangua shuti, tena tangu 2019 pigo la goli, yaani mpira unaoanzishwa na kipa baada ya kutoka nje, linaweza kupokewa na mwenzake ndani ya eneo la hatari, kwa hiyo pengo hilo si dogo. Aidha, aliwafundisha kuhesabu sekunde sita za kushika mpira, ilhali siku hizi ni sekunde nane, na atakayezidisha timu yake huadhibiwa kwa kona. Nilipomkumbusha pembeni, alinishukuru kwa moyo mweupe na kulisahihisha mbele ya vijana siku hiyohiyo.

Sharti langu, basi, ni kwamba msimwachie yeye peke yake kazi yote: tafuteni mtu wa kuwazoesha makipa wenu kupiga pasi kwa miguu yote miwili pamoja na mabeki, na kwake wapelekeni wajifunze kusimama, kuanguka na kuita. Kipindi ni cha dakika 90 na huanza kwa wakati. Kila kipa aende na glavu zake mwenyewe, kwa sababu zile za kuazimwa zimechakaa viganjani na mpira hautulii, na avae suruali ndefu, kwani mchanga wa jioni hukwaruza mapaja. Iwapo kikundi kitazidi wanne, ombeni kigawanywe. Jumamosi moja tulikuwa saba, na kila kijana alisubiri zamu kwa muda mrefu kuliko alivyodaka.