Uzoefu wangu: kibanda cha picha Ng'ong'ona

Naanza na bei, maana ndiyo mwanachuo anayouliza kwanza. Kuangalia picha, yaani filamu, ni shilingi 500. Mpira nao 500, ila Simba na Yanga wakikutana inapanda hadi 1,000, na usipowahi utaangalia umesimama. Picha zinaonyeshwa Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni. Siku nyingine ni mpira, usijisumbue.

Kibanda kipo Ng'ong'ona, ukishuka kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nyuma ya safu ya maduka. Hakina jina. Utakijua kwa ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni, picha ya siku imeandikwa kwa chaki. Ndani kuna mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa turubai, na projekta inamulika ukuta uliopakwa chokaa. Rangi zinapauka kidogo jua likiwa bado linapenya kwenye matundu ya bati. Ila spika ni za uhakika: ngumi ikitua, unaisikia kifuani.

Mimi nimekulia Kondoa, na nikikaa pale nakikumbuka kibanda cha mtaani kwetu. Watoto tulijazana mbele kwenye mkeka, wakubwa nyuma kwenye mabenchi. Deki ilifungiwa ndani ya kasha la chuma lenye kufuli. Sidii moja ilibeba picha chungu nzima, na nyingine zilikwama katikati, tukasubiri ifutwe kwa shati na kurudishwa. Picha za Kihindi na za Kichina zilikuja na sauti ya Lufufu juu yake, akitafsiri, akifafanua, akiongeza na ya kwake. Mama aliyeuza karanga mlangoni hakujua neno la Kihindi, lakini kesho yake alikusimulia picha nzima, nani kamsaliti nani na kwa nini. Stelingi akinyatiwa kwa nyuma, banda zima lilimpigia kelele: “Geuka!” Na aliyekwisha kuiona picha akithubutu kusema nani atakufa, alizomewa mpaka akatoka nje.

Hicho ndicho ninachokikosa hosteli. Chumbani tuko wanne, kila mmoja na kompyuta yake na hedifoni masikioni. Zinaangaliwa picha nne kwa wakati mmoja, na hakuna anayejua mwenzake amecheka nini. Ng'ong'ona watu bado wanazungumza na picha. Jioni moja kijana wa bodaboda aliyekaa mbele yangu alilia waziwazi mama yake stelingi alipofariki, na hakuna aliyemcheka. Mzee wa jirani yake alimpa karanga.

Vibanda vya namna hii vilistawi wakati televisheni ni za kuhesabu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Sasa picha kila mtu anayo kwenye simu au flashi. Mpira ndio umebaki wa kuangalia kwa pamoja, na tangu Azam TV ilipopata haki za kuonyesha Ligi Kuu mwaka 2013, king'amuzi kimeisukuma deki pembeni. Mwenye banda aliniambia bila kuficha, “Mdogo wangu, mpira ndio unaolipa kodi. Picha naweka kwa mapenzi.” Namwamini, kwa sababu Jumatano nimemwona akiwasha projekta kwa watu wachache mno, na hakuwafukuza.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa mambo ambayo nimemweleza mwenyewe ana kwa ana. Mlango ni mmoja tu, na siku ya dabi hilo linanitia hofu kweli. Ukuta wa nyuma unaweza kutobolewa mlango wa pili. Choo hakuna. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, bati linachoma. Akina dada wanakuja wachache, ingawa ametenga benchi la ukutani kwa ajili yao na hataki mtu awasumbue. Umeme ukikatika hela hairudishwi, lakini kesho yake unaingia bure na anakukumbuka kwa sura. Picha za kutisha watoto hawaingii, hata wakilia, na kwa hilo nampongeza.

Mkija Juni au Julai bebeni sweta, upepo wa Dodoma unaingia chini ya mlango. Kaeni benchi la tatu. La kwanza shingo itauma, la mwisho linapitwa na kila anayetoka. Siku ya picha za tafsiri ni Alhamisi. Nimemwomba arudishe na Ijumaa, akasema wakifika watu ishirini wa kudumu, anarudisha. Kwa hiyo mnaotoka vipindi saa tisa Alhamisi, msipande daladala ya mjini moja kwa moja. Shukeni Ng'ong'ona, ulizeni wauza mihogo, watawaonyesha.