Kuchagua Filamu na Vitabu vya Kuwafundishia Vijana Historia ya Rwanda ya 1994

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne vita na mauaji ya kimbari ya Rwanda hakosi filamu wala vitabu. Kinachomshinda ni kuvichuja. Mimi huvipima kwa swali moja: je, kijana akimaliza kutazama au kusoma, anaweza kueleza nani alipanga nini, lini, na kwa nyenzo gani? Kazi inayomwachia picha za damu peke yake inamfundisha kwamba majirani walirukwa na akili ghafla usiku wa tarehe 6 Aprili, ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa ikirudi Kigali kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Huo ni upotoshaji, kwa sababu vitambulisho vya kabila vilikuwapo tangu miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, vita vya ndani vilikuwa vimeanza Oktoba 1990, na RTLM, redio iliyoeneza chuki dhidi ya Watutsi, ilikuwa hewani tangu Julai 1993, mwezi mmoja kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini Arusha.

Kwa kipimo hicho, Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ambayo ndiyo wengi huikimbilia, inapata alama za wastani. Ina sifa zake: vijana huifuata bila kuchoka, na mauaji mengi yanafanyika nje ya picha, jambo ambalo ni jema kwa mtazamaji wa miaka 15. Lakini historia yote imebanwa ndani ya hoteli moja na shujaa mmoja. Tena baadhi ya manusura waliojificha katika hoteli ile ya Mille Collines wameipinga picha aliyopewa shujaa huyo, meneja wa hoteli Paul Rusesabagina. Mwaka 2021 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, serikali ya Marekani ikasema anashikiliwa isivyo haki, naye akaachiwa Machi 2023. Siwezi kuifanya kuwa somo la kwanza. Naitumia baadaye, wanafunzi wakishakuwa na ujuzi wa kutosha wa kuuliza filamu inamsikiliza nani na imemwacha nani nje.

Ninayoipendekeza kuwa ya kwanza ni Sometimes in April ya Raoul Peck, ya mwaka 2005. Mhusika mkuu, Augustin, alikuwa kapteni wa jeshi, Mhutu aliyemwoa Mtutsi. Mwaka 2004 ni mwalimu, na anasafiri hadi Arusha kwa sababu ndugu yake, Honoré, aliyekuwa mtangazaji wa redio ya chuki, yuko mbele ya mahakama ya kimataifa. Uamuzi wa kuitazama 1994 kutokea Arusha ndio unaoipa filamu hii uzito wake darasani. Mauaji hayaoneshwi kama gharika iliyopita. Yanaoneshwa kama kosa la jinai lenye washtakiwa, mashahidi na ushahidi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, mahakama hiyo haikuwa Ulaya. Ilikaa Arusha katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, katikati ya mji anaoufahamu. Nafasi aliyopewa mtangazaji nayo ina maana kubwa, maana kijana anaona jinsi sauti ya kirafiki, yenye muziki kati ya tangazo na tangazo, inavyoweza kuwaelekeza wenye mapanga waende wapi.

Kuna sehemu moja ambayo mwalimu lazima aitazame peke yake kabla ya darasa. Askari wanaingia katika shule ya bweni ya wasichana na kuwaamuru Wahutu na Watutsi wajitenge; wasichana wanakataa, wanashikana, na wanapigwa risasi. Tukio linalofanana na hilo lilitokea kweli baada ya vita, Machi 1997, katika sekondari ya Nyange, ambako wanafunzi walikataa kujitenga mbele ya wavamizi wenye silaha na baadhi yao wakauawa. Wanafunzi wangu hunyamaza hapo, kisha maswali huja kwa wingi, kwa hiyo kengele isigonge sehemu hiyo ikiwa imekwisha punde tu. Filamu ina urefu wa dakika 140, na vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 havitoshi. Igawe siku mbili. Wazazi wajulishwe mapema, hasa mikoa ya Kagera na Kigoma, ambako huenda darasani mna mtoto wa familia iliyoyapitia haya. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Mwanafunzi wa namna hiyo asigeuzwe shahidi wa darasa; akitaka kusema atasema mwenyewe.

Kwa upande wa vitabu, kumbukumbu za Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ni ndefu mno kwa umri huu. Zimfae mwalimu. Kwa vijana nachagua riwaya ya Gaël Faye, Petit Pays, ya mwaka 2016, iliyopata tuzo ya Goncourt inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Mimi hutumia tafsiri yake ya Kiingereza. Msimuliaji ni Gabriel, mtoto wa Bujumbura, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda mkimbizi. Mwanzoni kabisa anamuuliza baba yake kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana ilhali nchi, lugha na Mungu wao ni mmoja, na baba anamjibu kwamba pua zao hazifanani. Baada ya hapo watoto wanaanza kupima pua za watu njiani. Kurasa hizo chache zinaonesha jinsi jibu la ovyo la mtu mzima linavyomwingia mtoto. Sura za mwisho, ambapo Gabriel mwenyewe analazimishwa kushiriki katika mauaji, ni ngumu, na sizisomi kwa sauti darasani.

Baada ya filamu na riwaya, wape hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa elimu, kabla ya kuwa meya wa komuni ya Taba. Mahakama iliona kwamba siku za mwanzo alijaribu kuyazuia mauaji katika eneo lake, na kwamba alibadilika baada ya mkutano wa tarehe 18 Aprili pamoja na viongozi wa serikali ya mpito. Chapa aya zinazohusu tarehe hiyo tu, uwape nakala, na uwaachie kipindi kizima wajadili ni nini alichoweza kufanya asubuhi iliyofuata. Aya za ubakaji, ambazo ndizo zilizoifanya hukumu hiyo ijulikane duniani, mwalimu azisome mwenyewe na kuzieleza kwa maneno yake.