Umtenge aliyebakwa, au umhamishe mbakaji?

Jela za Marekani mtu akisema amebakwa kuna njia mbili, ya kwanza ni kumtoa yeye na kumpeleka selo ya peke yake eti ndo usalama wake, na kweli yule mbakaji hamfikii tena ila jamani fikiria, mlango wa chuma, trei ya chakula inapitishwa kwenye kitundu, kazi hana, darasa hana, yani yeye ndo anaonekana kakosa. Na wenzake wakiona hivyo nani atafungua mdomo?

Ya pili ni kumhamisha mtuhumiwa, mwathirika abaki na maisha yake. Inataka nafasi, inataka askari wa kutosha, na kama mtuhumiwa ni askari mwenyewe basi aondolewe zamu asimkaribie kabisa. Mi niko upande huu.

Hata kanuni za 2012 zilizotokana na PREA, ile sheria ya Marekani ya 2003 ya kuzuia ubakaji magerezani, zinakataza kumtenga mwathirika kwa lazima mpaka njia zingine zote ziangaliwe kwanza, na kwa kawaida isizidi siku 30. Kwangu mi, selo ya peke yake iwe pale tu mwenyewe kaiomba.