Mtutu wa inchi ngapi kwa .22 ya shabaha za mbali?

Wiki mbili baada ya kununua .22 yangu ya kwanza ya mashindano, bunduki ya risasi ndogo zenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, niliiweka mezani kwenye uwanja wa shabaha hapa Texas, pembeni ya bunduki ya jamaa yangu. Yangu ilikuwa na mtutu wa inchi 24, yake 18. Tulipiga risasi za boksi moja, CCI Standard Velocity, na kipima mwendo kikatoa jibu ambalo sikulitaka: yangu ilikuwa nyuma kwa futi kadhaa kwa sekunde. Nimelipia inchi sita za kujipunguzia mwendo! Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Sababu yenyewe iko kwenye ganda. Ganda la .22 LR, risasi ya bunduki hizi, hubeba baruti kidogo mno, kama moja ya kumi ya gramu. Gesi yake husukuma kwa nguvu hadi inchi ya 16, pengine ya 19, kutegemea risasi na mtutu. Kuanzia hapo msuguano unaushinda msukumo na risasi inaanza kupoa mwendo kabla hata haijatoka nje. Anayetoka kwenye 6.5 Creedmoor au .308, bunduki za risasi kubwa zenye baruti nyingi, ambako mtutu mrefu huongeza kasi kweli, huja na mazoea hayo na kununua vibaya, kama mimi.

Halafu kasi kubwa hatuitafuti. Risasi nzuri za shabaha, kama Lapua Center-X, SK Standard Plus au Eley Tenex, hutoka kwa futi 1,050 hadi 1,090 kwa sekunde, makusudi ziwe chini ya kasi ya sauti, ambayo kwenye joto la nyuzi 20 ni kama futi 1,125. Risasi inayotoka juu ya hapo hutetereka inapovuka kurudi chini. Tunachotaka ni kila risasi itoke sawa na mwenzake. Zikitofautiana kwa futi 20 tu kwa sekunde, kwenye mita 200 moja itapiga sentimita sita au saba chini ya nyingine. Dawa ya hilo ni risasi bora na chemba, yaani sehemu ya mtutu anapokaa ganda, iliyokatwa vizuri. Urefu wa mtutu hauliponyi.

Mbona basi bunduki za Olimpiki ni ndefu vile? Kwa sababu hazina darubini. Mlengaji wa mita 50 anatafuta duara la kumi lenye upana wa milimita 10.4 kwa macho na vilengeo vya chuma, na kilengeo cha mbele kikikaa mbali na cha nyuma, kosa la jicho linapungua. Wapo wanaofunga bomba tupu mbele ya mtutu ili kukisogeza zaidi. Ukishafunga darubini, hoja hiyo imekwisha.

Kinachobaki ni uzito, ugumu na mizani, na hapo ndipo ninapopangia nafasi zangu. Kwanza hesabu mbili. Mtutu mnene wa inchi 0.9 una uzito wa takriban gramu 80 kwa kila inchi. Na kwa unene uleule, mtutu wa inchi 26 hupinda zaidi ya mara nne kuliko wa 16 ukiukandamiza mdomoni kwa nguvu ileile. Ukiutaka mrefu uwe mgumu sawasawa, lazima uwe mnene, na mnene ni mzito.

Nafasi ya kwanza: inchi 18 hadi 20

Kama utanunua bunduki moja tu, nunua hapa. Kasi iko pale pale kileleni, mtutu unaweza kuwa mnene bila kuifanya bunduki iinamie mbele, na ukifunga kiwambo cha sauti hutaanza kugonga nguzo za vizuizi vya mashindano. Watengenezaji nao wamekusanyika humu: Bergara B-14R na Ruger Precision Rimfire zina inchi 18, Tikka T1x ipo ya 20, na CZ 457 nyingi za mtutu mnene zina 20.5. Ya CZ naihesabu kundi hili. Nusu inchi haimkoseshi mtu usingizi.

Ndani ya kundi, chagua kwa namna unavyopiga. Mashindano kama NRL22, ambayo hatua zake za kawaida ni yadi 25 hadi 100, hukufanya upige ukiwa umepiga goti, umeegemea ngazi, umelala juu ya paa la kuigiza, na saa inahesabu. Huko chukua 18. Ukilala chini, bunduki ikisimama kwenye vijiguu viwili vya mbele, na kupiga sahani za chuma yadi 200 na 300, chukua 20, maana uzito kidogo mbele hutuliza bunduki.

Nafasi ya pili: inchi 22 hadi 24, mnene tu

Hii ni ya mtu wa mezani. Bunduki iko juu ya mifuko ya mchanga, haibebwi, na uzito ni rafiki. Mafundi wa fani hii wana utaratibu mzuri: hupitisha kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu ambao haujakatwa, wakihisi kwa mkono mahali unapobana, kisha hukata ili sehemu hiyo iwe mdomoni. Urefu unaamuliwa na mtutu wenyewe. Ukiagiza kwa fundi wa namna hiyo na akakwambia umetoka 22 na nusu, usimbishie.

Mtutu wa 24 mwembamba, ule wa bunduki za kuwindia sungura, ruka kabisa. Huo ndio niliokuwa nao.

Nafasi ya tatu: inchi 16

Wengi wangeuweka wa pili, na sina ugomvi nao. Ni mgumu na mwepesi, na ukiufunga kiwambo cha inchi sita unakuwa 22 jumla. Wembamba wa reli, treni inapita. Lakini bila kiwambo, mlio uko karibu zaidi na sikio lako, na bunduki nyepesi mbele huonyesha kila mpigo wa moyo kwenye darubini. Tikka T1x na Savage Mark II FV-SR zinapatikana kwa urefu huu au karibu nao. Chini ya inchi 16 usiende: kwa sheria ya Marekani ya 1934 hiyo inakuwa bunduki ya mtutu mfupi, inayotakiwa kusajiliwa serikalini.

Ya mwisho: inchi 26 na kuendelea

Kwa darubini, sioni faida. Risasi inakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde zaidi kuliko kwenye wa 16. Muda huo ni mdogo, lakini bega lililotikisika unalipia kwenye mita 200. Ukiipata Anschütz ya zamani, bunduki ya mashindano ya Kijerumani, kwa bei nzuri, nunua kwa ajili ya chemba na kifyatulio chake, urefu uuvumilie.

Kabla hujalipa, angalia mdomo wa mtutu kwa tochi: ukingo uwe safi, bila kovu. Uliza kama una hesi za 1/2-28, ndizo za viwambo vingi vya .22. Pesa utakazookoa kwa kutokimbilia inchi nyingi, nunua nazo maboksi ya risasi za namba za toleo tofauti, mawili mawili, uyapige yadi 100 siku isiyo na upepo. Toleo ambalo matundu yake yatashikana vizuri pamoja, rudi dukani upesi ununue kasha zima, kwa sababu jamaa wa meza ya jirani naye ameliona.